Uzi namba 30, bei nne

SWALI: Nina karakana ndogo hapa Mwanza. Tuna mashine moja ya duara ya kufumia vitambaa vya fulana, tunashona fulana za michezo na za nembo kwa ajili ya shule. Wakala ameniletea bei za uzi wa namba 30: OE ndio wa bei ya chini, unafuata KH, halafu CH. Anao pia wa polista na pamba ulioandikwa vortex. Anasema OE ndiyo teknolojia mpya, hao wengine wa ringi ni mitambo ya kizamani. Kama namba ni ile ile, mbona bei zinapishana? Halafu fulana zetu za mwaka jana zikifuliwa mshono wa ubavu unahamia tumboni. Uzi ndio mbaya? Na kwa nini tununue uzi wa India wakati pamba inalimwa hapa hapa?

JIBU: Dada, wakala wako kasema nusu ya kweli, na ni ile nusu inayomsaidia kuuza. OE (kifupi cha open-end, yaani kusokota kwa ncha iliyo wazi) ni mpya kuliko ringi, ule mtindo wa zamani wa kusokota kwa pete, hilo halina ubishi. Lakini upya wa mtambo unamnufaisha kwanza mwenye kiwanda cha kusokota, anayetoa kilo nyingi kwa saa akiwa na wafanyakazi wachache. Wewe mfumaji unanunua kitu kingine: jinsi nyuzinyuzi za pamba zilivyolala na kushikana ndani ya uzi. Kwa hilo, ringi iliyobuniwa Marekani na John Thorp mwaka 1828 bado inaipita mitambo mingi iliyozaliwa baada yake.

Tuanze na namba. Namba 30 ya Kiingereza maana yake ratili moja ya uzi inatoa vitita 30, kila kitita yadi 840. Kwa vipimo vyetu ni kama kilomita 50 kwa kilo moja. Fulana ya gramu 150 ina zaidi ya kilomita 7 za uzi ndani yake. Namba ikipanda, uzi unakuwa mwembamba. Basi, inaishia hapo. Haisemi lolote kuhusu nguvu, ulaini, vinyweleo wala kiasi cha msokoto, na ndiyo maana koni nne zenye namba moja zinaweza kuwa bidhaa nne.

Halafu kuna jambo wakala alilolichanganya, sijui kwa kutojua au kwa makusudi. KH na CH zote ni ringi. Tofauti yao iko kwenye maandalizi ya pamba kabla ya kusokotwa. K ni pamba iliyopita tu kwenye mashine ya kadi, inayochambua nyuzinyuzi na kuzilaza upande mmoja. C ni iliyopita kadi kisha ikachanwa, na H ni alama ya uzi wa kufumia fulana. Mashine ya kuchana huondoa nyuzinyuzi fupi pamoja na vile vinundu vinavyoonekana kama chembe nyeupe juu ya kitambaa kilichotiwa rangi. Kinachoondolewa ni kingi, kwa kawaida asilimia 12 hadi 20 ya uzito. Hicho kinachotoka unakilipia wewe, na sehemu kubwa ya tofauti ya bei kati ya KH na CH ni hiyo. OE na vortex ni habari ya namna ya kusokota yenyewe.

Kusokota ni kushika ncha moja na kuzungusha nyingine. Kwenye ringi, utambi mwembamba wa pamba unavutwa na rola mpaka ubaki na nyuzinyuzi chache, kisha unashuka kuelekea kwenye bobini inayozunguka. Kuzunguka bobini kuna pete ya chuma, na juu ya pete kunapanda kikulabu kidogo cha waya kiitwacho travela, chepesi mno. Uzi unapita ndani yake. Bobini ikizunguka, uzi unaiburuta travela juu ya pete, na kila mzunguko mmoja wa travela ni msokoto mmoja kwenye uzi. Jambo la kulikumbuka hapa ni kwamba ili kuweka msokoto mmoja, ringi inalazimika kuzungusha bobini nzima pamoja na uzi wote uliokwisha kujikunja juu yake.

Mwendo unakomea hapo. Travela inasuguana na pete kwa kasi ya mita 30 hadi 40 kwa sekunde, inapata moto, ukizidisha inaungua. Tufanye hesabu ya uzi wako. Uzi wa fulana namba 30 unahitaji misokoto kama 750 kwa mita. Spindeli, ule mti unaobeba bobini, ikizunguka mara 18,000 kwa dakika, gawanya kwa 750, unapata mita 24 za uzi kwa dakika. Kwa saa nzima spindeli moja inatoa gramu 28 hivi. Ndiyo, gramu. Ndiyo sababu kiwanda cha ringi kinapanga maelfu ya spindeli kwenye ukumbi mmoja na bado malori yanasubiri nje.

Na kazi haijaisha. Bobini ya ringi inabeba uzi kidogo, gramu 60 au 70. Lazima ipelekwe kwenye mashine nyingine ya kukunjia, ambayo inaunga bobini 30 hivi kupata koni moja ya kilo mbili, huku jicho la umeme likikagua uzi na kukata sehemu nene na nyembamba. Kabla ya ringi pia kulikuwa na hatua ya kutengeneza ule utambi mwembamba. Hatua zote hizi ni umeme, watu na nafasi.

OE ilikuja kuufuta mlolongo huo. Mashine ya kwanza kuuzwa na kufanya kazi kweli kiwandani ni BD 200 ya Czechoslovakia, iliyotoka Ústí nad Orlicí mwaka 1967. Wazo lake ni la werevu sana: badala ya kuzungusha bobini nzima, katisha mkondo wa pamba, acha mwanya, kisha zungusha ile ncha ya uzi peke yake. Utambi mnene unaingia moja kwa moja. Rola yenye meno kama ya msumeno inauchambua mpaka unyuzi mmoja mmoja. Hewa inazipuliza hizo nyuzinyuzi ndani ya kikombe kidogo kinachozunguka kwa kasi, nacho ndicho rota, na ndiyo maana uzi wa OE huitwa pia uzi wa rota. Zinatupwa ukutani, zinateleza mpaka kwenye mfereji wa ndani na kujipanga tabaka juu ya tabaka. Ncha ya uzi inagusa mfereji, inazikusanya, mzunguko wa rota unazisokota, uzi unatoka katikati na kwenda kwenye koni papo hapo. Rota za mwanzo zilizunguka kama mara 30,000 kwa dakika. Za leo zinapita 150,000.

Kwa uzi wako namba 30, rota ya mizunguko 120,000 inatoa karibu mita 130 kwa dakika, ingawa uzi wa rota unahitaji misokoto mingi zaidi, 900 hivi kwa mita. Hiyo ni gramu 150 na ushee kwa saa, zaidi ya mara tano ya spindeli ya ringi. Hapo umeshaona unafuu wa bei ulikotoka.

Sasa hasara yake. Kwenye ringi nyuzinyuzi zinaingia zikiwa zimenyooka na zimekazwa, zinajipinda kwa mpangilio kutoka ndani hadi nje, kila moja inabeba sehemu yake ya mzigo. Kwenye rota zinafika zikipeperushwa na hewa, nyingine zimejikunja ncha. Mbaya zaidi, baadhi hazitui kwenye mfereji bali zinadondokea juu ya uzi uliokwisha kusokotwa na kuuzonga kwa nje. Mafundi tunaita mikanda. Chukua kioo cha kukuzia, angalia uzi wa OE: utaona kila baada ya milimita kadhaa kuna unyuzi umejiviringisha kama mtu aliyefunga mzigo haraka haraka. Mikanda hii haiongezi nguvu, inaongeza ukakasi. Kwa pamba ile ile na namba ile ile, uzi wa rota huwa dhaifu kuliko wa ringi kwa asilimia 15 hadi 25, na mkononi unahisi mkavu zaidi.

Lakini usiudharau. Zile tabaka ndani ya mfereji zinasawazisha unene, kwa hiyo uzi wa rota hauna mapande manene na membamba kama wa ringi ya kadi. Vinyweleo vyake ni vichache. Unanywa rangi vizuri. Kitambaa chake kimejaa, hakionyeshi mwanga. Jinzi nyingi duniani, mataulo na mashuka ya bei nafuu, vyote ni rota, na vinadumu.

Tatizo la wakala wako ni namba. Rota ni bingwa wa uzi mnene, tuseme namba 6 hadi 24. Inataka nyuzinyuzi zisizopungua kama 100 kwenye kila mkato wa uzi, vinginevyo inakatika katika. Piga hesabu kwa pamba ya unene wa kawaida, maikronea 4 (kipimo cha unene wa unyuzi): uzi namba 30 unabeba nyuzinyuzi 125 hivi. Umebakiwa na akiba ndogo sana. Ringi ya kadi inaridhika na 75, na ya pamba iliyochanwa inashuka chini ya 40. Kwa hiyo OE namba 30 inasokoteka, naam, lakini iko ukingoni mwa uwezo wake, na kiwanda kizembe kitakuletea koni zenye sehemu dhaifu nyingi. Mashine yako ya kufuma itakuonyesha: kila uzi ukikatika, tundu.

Huo wa vortex ni kizazi kingine. Kampuni ya Murata ya Japani iliuonyesha Osaka mwaka 1997. Hapa hakuna kinachozunguka isipokuwa hewa. Nyuzinyuzi zinavutwa na rola, zinaingia kwenye tundu dogo ambamo hewa iliyoshindiliwa inazunguka kama kimbunga. Ncha za mbele zinaingia katikati na kubaki zimenyooka. Ncha za nyuma zinapeperuka, zinafunguka kama mwavuli na kujizungushia nje. Unapata uzi wenye kiini kisicho na msokoto na ganda lililouzonga sawasawa, si kwa kubahatisha kama mikanda ya rota. Mwendo wake ni mita 400 kwa dakika na zaidi, mashine za karibuni zimepita 500. Kwa namba 30 hiyo ni karibu nusu kilo kwa saa kutoka tundu moja.

Sifa kuu ya vortex ni kutokuwa na vinyweleo virefu, na kwa sababu hiyo kitambaa hakioti vidonge kirahisi. Vile vijidonge vinavyojitokeza kwapani na kwenye tumbo la fulana ya polista baada ya mwezi, uzi wa vortex unavipunguza sana. Unapenda viskosi (nyuzinyuzi zinazotengenezwa kwa mbao) na mchanganyiko wa polista na pamba. Pamba tupu yenye nyuzinyuzi fupi haiuwezi vizuri, kwa kuwa fupi zinapeperushwa na hewa na kupotea, na zinazobaki hazina urefu wa kuzonga. Kitambaa chake ni kigumu kidogo kuliko cha ringi. Kompresa zinazolisha hiyo hewa nazo zinakula umeme mwingi.

Ringi yenyewe pia haikulala. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watengenezaji wa Ulaya, akiwemo Rieter wa Uswisi, waliingiza ringi ya kubana. Pale uzi unapotoka kwenye rola kuna pembetatu ndogo ya nyuzinyuzi zilizotawanyika kabla msokoto haujazifikia, na za pembeni ndizo zinazogeuka vinyweleo. Ringi ya kubana inazivuta pamoja kwa hewa kabla hazijasokotwa. Ukiona koni imeandikwa "compact" ndiyo hiyo: laini, imara, ghali. Kwa fulana za michezo ya shule ni anasa.

Nikirudi kwenye mfuko wako. Fulana za michezo zinazochapwa namba mgongoni na kufuliwa kwa nguvu, ningenunua OE, lakini namba 20 au 24, si 30, kama geji ya mashine yako, yaani idadi ya sindano kwa inchi, inaruhusu. Utapata kitambaa kizito kidogo, imara, na hapo rota iko nyumbani kwake. Fulana za nembo ambazo mzazi atazishika dukani na kuzipapasa, chukua CH namba 30. Wino wa kuchapa unakaa vizuri kwenye uso wake. KH namba 30 ni ya katikati na ndiyo yenye udanganyifu mwingi, maana kuna wanaoiuza kama CH. Fulana ya kuvaliwa kila siku yenye polista, huo wa vortex unastahili bei yake kama hawakuipandisha kupita kiasi.

Mshono unaohamia tumboni sasa. Hapa huenda nikakushangaza: ukihama kutoka OE kwenda ringi ukidhani unaponya, unaweza kuzidisha. Uzi wa nyuzi moja uliosokotwa unabaki na hamu ya kujifungua. Ukiulegeza mkononi unajinyonga wenyewe. Ndani ya kitambaa cha fulana cha upande mmoja kila kitanzi kinageuka kidogo, na kitambaa kizima kinakwenda mshazari. Ringi ina hamu hiyo zaidi. Rota na vortex kwa kawaida zimetulia. Kama fulana zako za mwaka jana zilikuwa za ringi, sehemu ya kosa ni ya uzi wenye msokoto mwingi mno, labda uzi uliotengenezwa kwa ajili ya vitambaa vya kusuka ukauzwa kwako kama wa fulana. Kama zilikuwa OE, mtazame zaidi fundi wako wa mashine. Vitanzi vikiwa virefu kitambaa kinalegea, na kitambaa legevu kinapinda zaidi. Mfupishie kitanzi, pima uzito wa kitambaa kwa mita ya mraba, kifue kipande kabla ya kukata. Na kuna wanaokinyoosha kitambaa kwa pasi ya nguvu ili kionekane kimenyooka mezani. Kikiguswa na maji kinarudi kilikotaka kwenda. Kitambaa cha ribu au intaloki hakipindi hivyo kwa sababu vitanzi vya mbele na nyuma vinavutana.

Kumkagua wakala hakuhitaji maabara. Kata uzi kama sentimita kumi, shika ncha zote mbili kwa vidole, anza kuuzungusha kinyume cha msokoto, taratibu, huku ukiuvuta kidogo sana. Wa ringi utafunguka wote. Utaona nyuzinyuzi zimelala sambamba, na kwa mvuto mdogo zinaachana bila kukatika. Wa rota hautafunguka wote. Utalegea hapa, pale utabaki umebanwa na mikanda, na ukizidi kuzungusha sehemu moja inaanza kujisokota upande wa pili wakati nyingine bado haijafunguka. Wa vortex utaonyesha kiini kilichonyooka na ganda linalokataa kuachia. Kwa CH na KH, zungushia uzi kwenye kadibodi nyeusi, mistari ikae karibu karibu, uiangalie dirishani. Vinundu vingi na chembe za ganda la mbegu vinakwambia pamba haikuchanwa, hata koni iandikwe nini.

Kuhusu pamba yetu. Ya Shinyanga na Simiyu ina urefu wa kutosha kabisa kwa uzi wa fulana, na inachumwa kwa mkono, jambo ambalo linapaswa kuwa sifa. Inayoiangusha ni uchafu unaoingia baada ya kuchumwa: mchanga na maji ya kuongeza uzito kwenye mizani, na nyuzi za viroba. Unyuzi wa kiroba haunywi rangi ya pamba, unatokea kama mstari mweupe kwenye fulana ya bluu. Mchanga nao unaiadhibu rota kuliko ringi. Vumbi likiganda mahali pamoja ndani ya mfereji, kila mzunguko linaacha alama ile ile. Rota ya kipenyo cha milimita 33 ina mzingo wa sentimita 10 hivi, basi kila sentimita 10 ya uzi ina kasoro, na kwenye kitambaa inatokea mawimbi ambayo hakuna fundi atakayeyaondoa.

Uzi wenyewe hausokotwi kwetu kwa wingi kwa sababu kiwanda cha kusokota hakivumilii umeme wa kukatika. Ringi au rota, ukizima ghafla unakuta nyuzi zimekatika kwenye vichwa vingi, na kila kimoja kinataka kuungwa upya. Ongeza unyevu wa hewa unaotakiwa ukumbini mchana na usiku, ongeza mtaji wa mashine. Tulijenga viwanda hivyo, Urafiki pale Ubungo ulifunguliwa 1968, na kwa muda vilisokota pamba yetu wenyewe. Leo sehemu kubwa ya pamba safi inatoka ikiwa marobota na kurudi ikiwa koni. Kama kuna kiwanda cha ndani kinachokuuzia OE namba 20 safi, mpe nafasi kabla ya India. Namba hizo nene tunaziweza, na utapata uzi kwa siku chache badala ya kusubiri meli.

Ukiagiza, andika kwenye oda yako vitu vitatu zaidi ya namba: misokoto kwa mita, kwamba uzi umepakwa nta, na namba ya loti, yaani mkupuo uliosokotwa pamoja. Uzi usio na nta unasugua sindano na kukatika, hata ukiwa CH ya daraja la kwanza. Loti mbili usizichanganye kwenye mashine moja kwa wakati mmoja, hata zikiwa za kiwanda kimoja na rangi moja nyeupe. Zikishatiwa rangi utaona mistari ya mlalo, na wakati huo wakala atakuwa hapokei simu.